Bei ya Nyumba ya Mke Mwenzangu

Mwanangu Saumu,

Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na watu wa Tiwi nawajua, hawamwachi mtu atoke barazani kwao bila chai na kitafunio. Kwa hiyo nina nafasi. Barua hii nitaitia kwenye begi lako katikati ya kanga, uikute kesho Msambweni. Uisome kabla hujampa yule mwanamke jibu lake.

Habari za kuswali kwa wakati, kutunza mshahara na kutomfungulia mlango kila asemaye hodi, nimewaachia shangazi zako. Hivi sasa bila shaka wanakumwagia. Mimi nitasema juu ya nyumba tu. Lakini kwanza nitasema juu ya wivu, maana usipojua wivu wangu una uzito gani, hutajua maneno yangu uyapunguze kiasi gani.

Siku chache kabla hatujakwenda kuitazama nyumba, nilikuwa nakanda unga wa mahamri, ukaja ukaniuliza, "Mama, ile nyumba ya Mama Zuhura waionaje? Ni ghali?" Nikakwambia, "Ghali mno!" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Mama, hata bei sijakutajia!" Nami nikacheka, lakini ulipotoka niliukanda ule unga kama kwamba umenikosea.

Ulikuwa na haki ya kucheka. Nyumba ni ya mke mwenzangu, na wewe unaniuliza mimi bei yake. Ni sawa na kumwomba mshitaki awe kadhi. Lakini mkopo utakaouchukua kazini ni wa kukatwa mshahara mpaka mvi zikuote, na mwingine kama huo hutapewa. Ukikosea nyumba hii umefungwa nayo. Ndiyo maana nimekaa nikujibu mara ya pili, polepole, na kalamu mkononi.

Wewe ulikuwa mdogo, hujui mwanzo wake. Babako, Mungu amrehemu, alipomwoa Zuhura ulikuwa hujaanza chuo cha Kurani. Alinitaka ridhaa nikampa; mdomo ulisema ndiyo, moyo haukuulizwa. Tena kuoa kwake sikukuona ajabu, wanaume wa kwetu huoa. Nilichoona ajabu ni nyumba. Mimi aliniweka katika nyumba hii ya urithi wao, wakati ule ikiwa ya udongo na makuti, inavuja upande wa jiko, na kila masika nikihamisha sufuria kufuata matone. Zuhura akajengewa nyumba mpya Msambweni na hati ikaandikwa jina lake. Sakafu ya terazo. Paa la vigae. Mlango wa nakshi ulioagizwa Lamu, na babako, ambaye hapa alikuwa akinung'unika kununua msumari, kule alisimama juani kutwa akimsimamia fundi asiukwaruze. Sitakwambia kwamba ni nyumba nzuri. Nitakwambia kwamba imesimama.

Kila Idi tulikwenda kumpa mkono. Alikuwa akitutandikia mkeka mpya, analeta biriani, anasema, "Karibu dada, jione uko kwako." Uko kwako! Nilikuwa nikila ile biriani na kusema kwamba chumvi imezidi kidogo. Haikuzidi.

Wivu ule ndio ulionipeleka Bongwe. Ile nyumba yetu ya rangi ya samli unaikumbuka, na jinsi ilivyoisha unajua. Jinsi ilivyoanza hujui. Nilisikia kuna mtu anauza, nikauza bangili za dhahabu alizoniachia mama yangu, nikaenda. Babako sikumwambia. Nilitaka siku moja aje hapa Tiwi akute kufuli, aambiwe na majirani, "Mkeo amehamia kwake." Dalali alinizungusha chumba kwa chumba, nami nikapima sebule kwa hatua zangu. Nilipoona imeishinda ya Zuhura, hapo hapo nikasema nimekubali. Uwanjani kulikuwa na minazi mirefu yenye kuzaa. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, na nazi nazo nimepata.

Mimi ni mtoto wa pwani, mwanangu. Nimezaliwa nikakuta kwamba ardhi ni ya mwenye ardhi, na mnazi ni wa aliyeupanda na kizazi chake. Hilo kwetu analijua hata mtoto anayechezea vifuu. Mtu wa bara akilisahau husamehewa. Mimi sikulisahau. Nilikuwa na haraka ya kumshinda Zuhura, sikuuliza.

Haikupita wiki nikasikia hodi alfajiri.

"Karibu," nikasema. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi Ndoro, mgema. Nimekuja kwa minazi yangu."

"Minazi yako ipi, kaka yangu?"

Akanionyesha juu kwa kidole. "Hii yote. Nimeikodi kwa Bi Mwanatumu, babu yake ndiye aliyeipanda. Mama, wewe umenunua nyumba. Minazi hukununua. Kwani hukuambiwa?"

Nilikwenda kwa mzee wa mtaa, naye akanithibitishia, tena kwa kunistaajabia. Basi Ndoro akawa anapanda asubuhi, mchana na jioni, kama kazi ya mgema ilivyo. Nikianika nguo, sauti inatoka kileleni: "Shikamoo mama! Jua la leo kali!" Nikitaka kuoga uani, sina pa kujificha. Jioni wateja wake wakawa wanamngojea chini, na kwa kuwa baraza langu lilikuwa na kivuli wakahamia hapo. Mimi, binti wa mwalimu wa chuo, barazani kwangu wanaume wanaulizana kama tembo la leo limekolea! Wewe ukawa ukitoka madrasa unanionyesha walevi wanavyotembea, na ulikuwa hodari kwelikweli.

Babako alipokuja hakugomba. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akauliza, "Uliuliza ni ya nani?"

"Wewe sikukuuliza, ningemwuliza nani?"

Akanywa maji, akaaga, akaenda zake Msambweni. Huko hakukuwa na mgema. Nilipoiuza ile nyumba nilirudishiwa kama nusu ya bangili zangu, tena kwa kubembeleza, kwani mnunuzi alikuwa na akili kuliko mimi, alianza na habari ya minazi.

Usinielewe vibaya, sikusimulii haya ili uulize minazi tu. Nakusimulia kwa sababu nyumba inajua kumfumba mtu macho asione mahali inapokaa. Unaingia, unagusa ukuta, unafungua bomba, unajiona umekaa sebuleni na wageni wako. Na ukiwa na mtu unayetaka kumwonyesha, basi ndiyo huoni kabisa. Ukuta ukipasuka utaziba, paa likivuja utaezeka. Kiwanja hakina fundi.

Sasa tuje kwa Zuhura. Anahamia kwa mwanawe Malindi, ndiyo maana anauza. Wewe umepangiwa uuguzi hospitali ya Msambweni, ukasema ni riziki imekutana na haja. Naye akakwambia ufikie kwake, ukae mpaka uamue. Wiki iliyopita ulikuwa uani na simu, nikakusikia, "Sawa mama. Nitakuja, mama." Nami niliyekuwa jikoni nikaitika, "Naam!" Ukachungulia mlangoni ukanitazama kwa huruma. Ile huruma sikuipenda hata kidogo. Zuhura alichukua nusu ya mume wangu nikavumilia, kwa kuwa mume hugawanywa kwa sheria, siku kwangu na siku kwake. Mtoto hana zamu.

Na nikishafungua mlango huu acha niufungue wote. Hata wewe nakuonea wivu. Una kazi, una mkopo kwa jina lako, utatia sahihi bila kumngojea mwanamume akuamulie ukae wapi. Mimi umri wako nilikuwa nahamisha sufuria. Ninakuombea heri katika kila swala, na nikimaliza kukuombea nakuonea wivu. Vyote viwili ni vya kweli, sijui kimoja nikitoe wapi.

Jumamosi tulipokwenda kuitazama, wewe uliingia ndani moja kwa moja. Nikakusikia jikoni, "Mashallah mama, sinki mbili!" Mimi nilibaki nje. Tangu zile Idi za zamani sikuweza kuitazama nyumba ile usoni. Nilikuwa nikifika nainamisha macho, naingia, nakula, natoka nimeinama vilevile. Kwa hiyo kiwanja chake nimekitazama kuliko mwenyewe anavyokitazama. Hasidi hana sababu, husema watu. Lakini macho anayo.

Kiwanja kile ni bonde. Kesho ukitoka simama mlangoni utazame njia, utaona inapanda. Masika ikija, maji yote ya kilimani huteremkia hapo. Ukuta wa nyuma umepakwa rangi mpya kutoka chini mpaka usawa wa goti, juu ni rangi ya zamani. Jiulize mtu apake goti tu kwa nini. Ardhi ya chini ni mwamba, jembe likishuka linarudi na cheche, kwa hiyo shimo la choo ni fupi, hujaa mapema, na liko karibu na kisima kuliko nipendavyo. Maji ya kisima nimeyaonja, yana chumvi. Wewe uliyekulia maji ya Tiwi chai yake itakushinda. Na ile njia ya gari unayoisifu inapita katika shamba la jirani, aliyeitoa kwa kumheshimu babako. Babako amekufa. Jirani naye ni mzee, na wanawe wako Mombasa, hawadaiwi heshima na mtu wasiyemjua.

Minazi niliuliza, tena mbele yako, ukaona haya. Ni ya Zuhura, ameipanda kwa mkono wake. Hilo nampa.

Sasa bei. Usiipe nyumba na kiwanja bei moja kwa pamoja, hapo ndipo mtu anapoliwa huku anatabasamu. Vitenge. Kwanza jiulize: kiwanja kile kingekuwa kitupu, na magugu yake, ungekinunua? Labda kwa kupanda mpunga. Halafu jiulize nyumba ile ile ingekuwa kule juu, karibu na lami, ingeuzwaje. Yule mwalimu mstaafu wa kilimani aliuza mwaka jana. Yake ni ya simenti tupu na madirisha ya mbao, lakini maji hutoka kwake kwenda kwa wenziwe, na lango lake liko barabarani. Zuhura ametaja bei inayoipita hiyo. Anakuuzia terazo, na bonde amelihesabu kama kwamba nalo ni terazo.

Ukiwa na shaka na mimi, na una kila sababu, waulize wa kule juu waliuza kwa ngapi. Waulize majirani wa bondeni mvua ikinyesha viatu huvilaza wapi. Halafu lala pale. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo ni ghali. Nimekujibu mara ya pili na jibu ni lile lile, ila sasa lina miguu.

Nilidhani barua itaishia hapo. Lakini kuna jambo jingine la Jumamosi ile ambalo hukulisikia, maana ulikuwa ndani unafungua makabati. Zuhura alitoka na kikombe cha kahawa akanikuta nimeinama natazama ule ukuta.

"Dada, tangu umefika watazama chini tu. Umepoteza pete?"

"Natazama maji yanapopita."

"Yapita hapo hapo ulipo. Nimeyapiga deki miaka yote."

Nikashangaa, nilidhani atakana. Nikamwambia, "Basi mbona umetaja bei ya kilimani?"

Akanipa kikombe kwanza. Kisha akasema, "Marehemu alitaka tuhame, wajua? Alipata kiwanja kule juu, kizuri, nikakataa. Nilikuwa nakuona kila Idi unavyoshindwa kuitazama nyumba hii. Nikasema, nyumba inayomuuma dada namna hii, lazima ina thamani. Nikakaa na maji yangu. Hiyo bei, dada, wewe ndiye uliyenitajia."

Nilikunywa kahawa yake nikasema sukari imezidi.

Tukapanda gari kurudi, wewe unanieleza mapazia utakayoweka, na mimi nimegeukia dirishani. Ulidhani nimechukia. Nilikuwa nafurahi, mwanangu! Nilifurahi kutoka Msambweni mpaka Ukunda. Mwanamke yule amepiga deki matope masika na vuli, ameukataa mlima, kwa sababu tu ya uso wangu wa Idi! Sijawahi kupewa zawadi kama ile. Tulipopita Ukunda furaha ikaanza kunitoka, kwa kuwa niliona atakayelilipia hilo ni wewe. Katika ile bei kuna mawe, kuna vigae, na kuna wivu wangu. Sehemu hiyo ya tatu ni kubwa, na mshahara utakaokatwa ni wako.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo tulivyofunzwa, na mimi kwa Zuhura niliishika methali hiyo kama amri. Sikumsifu kwa lolote, nikichelea atapanda kichwa. Kumbe nilivyomnyima ndivyo alivyozidi kupandisha.

Nimeweka kalamu chini. Nakwenda kupiga simu, nisipokwenda sasa sitakwenda tena.

Nimerudi. Nitakuandikia yalivyokuwa, ili usije ukasimuliwa na yeye kwa namna yake.

Nilimtolea salamu, akaitika, akashtuka. "Kuna nini dada? Mtoto mzima?"

"Mzima, kesho yuko kwako. Nataka kukwambia neno, usinikatize, sitalirudia."

"Haya."

"Nyumba yako ni nzuri, Zuhura. Tangu siku ya kwanza ni nzuri. Na ile biriani chumvi haikuzidi."

Kisha nikasikia anavuta kamasi. Akasema, "Ungeniambia masika ya kwanza, dada, ningehama." Nikamwacha alie kidogo, sikumbembeleza, huko sijafika bado. Alipomaliza akajikohoza akasema, "Mwambie mtoto akija tukae tuzungumze bei upya. Bonde ni bonde."

Basi. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Nilipokata simu wivu niliukuta pale pale, haujasogea hata unyayo, na wakati naandika haya naona kesho asubuhi utakavyoamkia kwake na kunywa chai kando ya zile sinki mbili, na roho inaniuma.

Lakini nenda. Msalimie kwa heshima, kaa naye, mzungumze. Usitie sahihi kabla mvua moja kubwa haijanyesha ukaona maji yanafika wapi. Njia ya gari iandikwe, na jirani aitilie sahihi yeye mwenyewe angali hai. Atakapokutajia bei mpya, iweke kando ya ile ya mwalimu wa kilimani. Ikiwa bado inaipita, mshukuru, upange chumba mjini, wala usione haya. Ikiwa imeshuka mpaka bondeni, nunua, nami nitakuja kukuona.

Na kile atakachokupunguzia usiseme umepewa bure. Nimekilipa mimi jioni hii, na nilikuwa sina.

Ni mimi mamako mzazi,
Mejumaa